Chupa ya Marashi Niliyoitia Dawa ya Mbu

Jumapili, 1 Machi 1987

Leo nimeanza daftari hili, na naahidi mbele ya Mungu kwamba nitaandika yote, pamoja na yale ambayo sitapenda kuyasoma tena. Madamu Mukantwari, mwalimu wetu wa usafi na malezi, amempa kila msichana daftari moja tuandike mpaka masika yaishe. Amesema hatasahihisha, ila atahesabu kurasa.

Mimi ni Zamda binti Maneno, miaka kumi na minne. Tunakaa Gitega, mtaa wa mjini. Baba ni fundi wa nguo, cherehani yake iko barazani. Ndani tuko Baba, Mama ambaye siku zake za kujifungua zimefika, mimi, na Bibi, mama yake Baba, ambaye macho yake yameingia ukungu. Uani kuna chumba cha kaka yangu Munyaneza na mke wake, wifi Mukandekezi. Wifi kwao ni milimani, upande wa Gitarama. Alisilimu mwaka jana alipoolewa, na Kiswahili bado anajifunza. Sasa ana mimba ya miezi minne.

Mvua imenyesha mara mbili.

Ijumaa, 6 Machi

Mama alijifungua jana alfajiri, mtoto wa kiume. Ameitwa Rajabu kwa sababu ya mwezi aliozaliwa. Ni mwekundu na ana hasira.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Mbu ni wengi mpaka Bibi anasema wamesikia adhana wakaja. Tuna vyandarua viwili tu, cha Bibi na cha wifi. Wifi amekitoa chake, akakifunga mwenyewe juu ya kitanda cha Mama. Mama alikataa. Wifi akasema, "Hapana, Mama. Mi iko na ngozi nguvu. Huyu mtoto iko kama karatasi."

Jumamosi, 14 Machi

Baba amemaliza kushona mapazia kwenye nyumba moja ya Kiyovu, mtaa wa matajiri. Mwenye nyumba, mama wa Kizungu anayerudi kwao, amempa vitu ambavyo hawezi kubeba, na kimoja ni chupa kubwa ya dawa ya kujipaka ili mbu wasikuume. Inanuka ndimu. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya Kifaransa imekunjwa mara sita.

Baba aliita watu wote. "Zamda, soma."

Nilisimama kama niko shuleni. Upande wa kwanza ulikuwa rahisi: unajipaka kwenye ngozi, mbu hawakaribii kwa saa nyingi.

"Saa ngapi?" akauliza Bibi.

"Mpaka saa sita, Bibi."

"Wa huko Ulaya labda. Mbu wa Gitega hawajui saa."

Watu wakacheka. Nikageuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa na herufi ndogo, na mistari mitatu ya kwanza ilikuwa na maneno manne nisiyoyajua. Wote walikuwa wananitazama. Baba alikuwa ameshika sindano hewani, hashoni.

"Na nyuma?"

"Nyuma ni habari za kiwanda," nikasema.

Wifi akauliza polepole, "Na mtu mwenye mimba iko anaweza kujipaka?"

"Imeandikwa ni ya watu wote."

Haikuandikwa hivyo. Naandika hapa kwa sababu niliahidi. Baba akampa wifi chupa nzima kwa kuwa alitoa chandarua chake, akasema, "Zamda atakuwa anakupaka. Yeye ndiye aliyesoma." Nilijisikia mrefu.

Jumatatu, 16 Machi

Nimempaka wifi mikono na miguu baada ya magharibi. Akauliza, "Na tumboni?" Nikampaka tumboni pia, chini ya kanga. Anasema inapoza.

Alhamisi, 19 Machi

Nyirahabimana, binti wa karani, ambaye tunakaa dawati moja, leo alikuja na marashi ya Ufaransa shingoni. Kila mtu alimnusa. Mimi nanuka mafuta ya cherehani.

Jioni nilimwambia wifi, "Nipe kidogo ya dawa yako." Hakuuliza ya nini. Nilitafuta chupa ya marashi ya Bibi iliyokwisha, ile ndogo ya kioo yenye kifuniko cha dhahabu, nikaiosha, nikajaza. Wifi alinishikia kikombe nilipokuwa namimina. "Sha, unataka mbu wa shule wakimbie?" akasema ("sha" kwao ni kama rafiki), tukacheka wote wawili.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemwambia Nyirahabimana kwamba yametoka Kiyovu. Si uongo. Alininusa mara mbili.

Jumanne, 31 Machi

Mvua siku tano mfululizo. Nimempaka wifi. Nimejipaka.

Ijumaa, 10 Aprili

Shule imefungwa kwa Pasaka. Jumanne ni arobaini ya Rajabu. Mama atatoka nje kwa mara ya kwanza, na wanawake wote wa mtaa watakuja.

Jumatano, 15 Aprili

Jana sikuandika. Sasa niko kwenye ngazi ya zahanati, daftari liko magotini.

Nyumba yetu ina desturi ambayo Bibi aliikuta kwa mama yake, na mama yake aliikuta Ujiji. Siku ya arobaini, mkubwa wa nyumba humpaka mtoto marashi kwenye viganja na utosini, halafu kila mgeni anamshika mkono, ili mtoto apokee watu kwa mikono inayonukia. Bibi ameifanya kwa Baba, kwa kaka na kwangu.

Jana asubuhi nilivaa gauni langu jipya. Nilitoa ile chupa kwenye mkoba wa shule, nikajipaka shingoni, nikaiweka kabatini kando ya marashi ya kweli ya Bibi. Nilitaka kurudi kuichukua. Mama akaniita nije kugawa chai uani, nikaenda.

Chumba kilijaa wanawake na moshi wa udi. Bibi akasema, "Leteni marashi." Mimi nilikuwa na birika mkononi. Wifi akaenda. Akarudi na sinia, na chupa iko juu yake. Niliiona mlangoni. Chupa zote mbili zinafanana, nikajiambia kwamba ni ile ya Bibi. Nilijiambia hivyo nikiwa najua kwamba sijui. Ningeweza kusema "ngoja." Lakini wanawake ishirini wangeniuliza kwa nini, na ningelazimika kusema kwamba najipaka dawa ya mbu shuleni na kuiita marashi ya Kiyovu.

Bibi akamimina nyingi, maana haoni vizuri. Akampaka Rajabu viganja vyote viwili, utosini, na kidogo kwenye mashavu. Udi ulifunika harufu. Wanawake wakapiga vigelegele. Rajabu akaweka ngumi mdomoni, akainyonya kama anavyofanya siku zote.

Kabla ya adhuhuri alianza kutapika. Halafu akalegea. Mama alimpa titi na hakulishika. Kisha mkono wake mmoja ukaanza kushtuka peke yake, kama mtu anayevutwa na uzi. Mama hakulia. Alimwita tu Baba kwa jina, "Maneno. Maneno. Maneno," mpaka Baba akaacha viatu vyake na kumbeba mtoto akikimbia peku kwenye matope.

Muuguzi wa hapa anaitwa Nsabimana. Alimshika Rajabu, akainama, akanusa viganja vyake.

"Nani amempaka mtoto huyu dawa ya mbu?"

Akaita maji na sabuni, akamwosha mikono, kichwa, uso, akamvua nguo zote akazitupa pembeni. "Mtoto wa siku arobaini hapakwi hii hata tone," akasema akiwa anaosha. "Huyu dawa yake ni chandarua. Basi. Na hata mtoto mkubwa anayetembea, hapakwi viganjani, kwa sababu viganja vyake ni kijiko chake. Mliipata bila karatasi?"

Baba akasema, "Ilikuwa na karatasi. Ilisomwa."

Nilitazama chini. Matope ya Gitega yalikuwa yamekauka kwenye vidole vya Baba.

Alhamisi, 16 Aprili

Rajabu amenyonya. Mkono umetulia. Nsabimana anasema kesho tutarudi naye nyumbani.

Ijumaa, 17 Aprili

Tumerudi. Nilifikiri ubaya umekwisha.

Mama Aziza, jirani anayeuza sambusa, alikuwa ameshaanza kusema kabla hatujavua viatu. "Dawa ilikuwa ya nani? Ilikaa chumbani kwa nani? Sinia ilishikwa na nani?" Aliuliza kama mtu anayehesabu watoto. "Mimi simtuhumu mtu. Lakini yeye naye anasubiri wa kwake. Na hawa wa milimani tunawaoa hatujui wamekuja na nini."

Bibi alikuwa analia kwa sababu mikono iliyompaka mtoto ni yake. Nafikiri alihitaji mtu mwingine wa kubeba lawama. Akasema, "Nilimwambia alete marashi. Marashi, si dawa."

Baba akamwita wifi. Alisimama mlangoni, mkono mmoja chini ya tumbo.

"Dawa hii ilitoka kwenye chupa yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Nani aliitia kwenye chupa ya marashi?"

Wifi hakunitazama. Angenitazama ingekuwa rahisi. Alitazama cherehani. Akanyamaza muda mrefu, na mimi nilielewa kwamba ule muda ulikuwa wangu, ameniachia mimi. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Ulimi wangu ulikuwepo. Sikuutumia.

"Mi niliikuta kabatini," akasema mwisho.

"Haya, kabati limejaza chupa," akasema Mama Aziza.

Baba akasema wifi aende kwao kwa siku chache, mpaka moyo wa Mama utulie. Kaka Munyaneza alifungua mdomo, akamtazama Mama aliyekuwa amemkumbatia Rajabu, akaufunga.

Jumamosi, 18 Aprili

Nilimbebea wifi kifurushi mpaka kituo cha magari cha Nyabugogo. Kaka alikuwa mbele anatafuta gari. Ilikuwa inanyesha, makuli wanapiga kelele, na mimi nilifurahi kwamba kuna kelele.

Wifi alipanda, akakaa dirishani. Nikasema, "Wifi, safari njema." Hayo ndiyo niliyosema.

Akasema, "Nimekungoja tangu jana, Zamda." Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Chandarua chake bado kiko juu ya kitanda cha Mama. Hakuna aliyekumbuka kumpa.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua.

Jumanne, 21 Aprili

Nimeiomba kamusi kwa Madamu Mukantwari. Nimefungua ile karatasi upande wa nyuma. Nimechukua saa nzima.

Hakuna habari za kiwanda hata moja. Inasema isipakwe kabisa kwa mtoto mchanga. Watoto wadogo wapakwe na mtu mzima, mara moja kwa siku, kidogo, na si viganjani wala karibu na macho na mdomo. Isipakwe chini ya nguo, wala penye jeraha. Ukiingia ndani usikohitaji, uioshe kwa sabuni. Isihamishwe kwenye chupa nyingine. Hilo la chupa maneno yake yote niliyajua, hata bila kamusi. Na mwanamke mjamzito aulize daktari kwanza.

Nilimpaka wifi kila jioni kwa mwezi mzima. Chini ya kanga.

Alhamisi, 23 Aprili

Rajabu anacheka sasa. Watu wote wanamfurahia. Mimi siwezi kumbeba.

Jumanne, 28 Aprili

Wanasema mwezi utaandama kesho au keshokutwa. Bibi amenituma nioshe mikeka. Akasema, "Ramadhani haingii nyumba chafu." Nilikwenda na ndoo mpaka barazani, nikaiweka chini, nikamwambia Baba yote. Nilianza na karatasi, nikamaliza na Nyabugogo.

Baba aliacha kukanyaga cherehani. Gurudumu likaendelea kidogo peke yake.

"Yeye alijua?"

"Alinishikia kikombe, Baba."

"Akanyamaza."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakikunja tena kikawa kidogo sana. "Wanawake wangapi walikuja arobaini?"

"Ishirini. Labda ishirini na mbili."

"Utakwenda kwa kila mmoja. Nyumba kwa nyumba. Utasema jina lako na ulichofanya. Mimi sitakwenda na wewe, maana nikiwepo watakuonea huruma."

Jumapili, 3 Mei

Siku nne za kufunga, nyumba ishirini na moja. Nilianza kwa Bibi na Mama, Baba hakuwahesabu lakini mimi niliwahesabu. Mama alisema, "Toka mbele yangu kwa sasa," halafu baadaye alinipa Rajabu nimbebe, bila neno. Bibi aliniuliza, "Kwa hiyo mikono yangu haikukosea?" Nikasema haikukosea. Akailaza magotini akawa anaipapasa.

Nilifikiri maneno yatazidi kuwa mepesi. Hayakuwa. Mama mmoja aliniambia nirudie kwa sauti, dada zake walikuwa jikoni hawajasikia. Mwingine alinifukuza kwa ufagio, kisha akaniita nirudi nimalize. Bikizee mmoja akasema, "Na wewe ndiye msomi wa Maneno? Basi sisi tusiosoma Mungu atatusamehe mapema."

Mama Aziza nilimwacha mwisho. Alikuwa anakunja sambusa za futari. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama.

"Unataka niseme nini?"

"Nataka uwaambie wale uliowaambia."

"Mimi sikumtuhumu mtu."

"Ulisema wa milimani hatujui wamekuja na nini."

Akasimamisha mikono. "Nilisema hivyo mimi?" Akatazama unga. "Nenda, mwanangu. Nitasema sokoni. Mdomo huu ndio ulioenda, huu ndio utakaorudi."

Nimemchukia tangu siku ile tuliporudi kutoka zahanati. Leo nimeona kwamba yeye alisema asilolijua, na mimi nilinyamazia ninalolijua.

Jumatatu, 4 Mei

Kaka amekwenda Gitarama kumchukua.

Alhamisi, 7 Mei

Kaka amerudi peke yake. Wifi analala na homa siku ya sita. Kule bondeni kwao mbu ni wengi na yeye analala chini, karibu na mlango, bila chandarua. Na dawa ameacha kujipaka. Alisikia aliyoyasema muuguzi kuhusu Rajabu, akaogopa, akamwaga yote.

Baba yake alimwambia kaka, "Mlimtoa bila hata kitambaa cha kujikinga na mbu, na tumbo lile. Akipona tutazungumza." Hakumpa hata kiti.

Kaka hajui kunikasirikia kwa sauti. Alikaa uani akavunja kijiti kimoja vipande vidogo.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda zahanati peke yangu. Nilimwambia Nsabimana kwamba mimi ndiye niliyesoma karatasi. Akasema, "Nilijua. Ni wewe peke yako uliyekuwa unatazama chini." Halafu akaniketisha, akaniambia yafuatayo, na niliyaandika hapo hapo ili nisiyabadilishe kichwani.

Kwa mjamzito, malaria ni mbaya kuliko dawa ya mbu. Kutupa vyote kwa hofu si salama. Kwanza chandarua, kila usiku, kimechomekwa chini ya mkeka. Nguo ndefu kuanzia jua linapozama. Akilazimika kukaa nje kwenye mbu, anaweza kujipaka kidogo, mikononi na miguuni penye ngozi wazi tu, kwa ushauri wa muuguzi, na aoshe kabla ya kulala. Ile niliyompaka tumboni haikutakiwa, lakini hafikiri kwamba imemdhuru. "Homa siku sita, hiyo ndiyo inayoniogopesha. Apelekwe hospitali wapime damu yake, apewe dawa inayomfaa mjamzito. Asingoje kesho." Kisha akaniambia jambo moja la kumwuliza.

Jumamosi, 9 Mei

Wifi Mukandekezi,

Daftari hili lilikuwa la Madamu. Nimemwambia hatahesabu kurasa, na akasema sawa. Sasa ni lako. Kaka anaondoka leo na gari la kwanza, pamoja na chandarua chako, ambacho Mama amekikunja mwenyewe. Bibi ameshona kipande pale kilipotoboka, kwa kupapasa. Kaka atakusomea yote kuanzia ukurasa wa kwanza. Nimemwomba asiruke, hata pale anapotajwa yeye, hata pale nilipokuita wa milimani kwa kinywa cha mtu mwingine. Mbele ya baba yako asome kwa Kinyarwanda. Nataka asikie kwamba ulinyamaza kwa ajili yangu, si kwa hatia.

Wanawake wote waliokuja arobaini wameambiwa. Ukirudi, hutaulizwa na mtu mlangoni. Usiporudi, hilo pia nimelistahili, lakini kaka hajalistahili.

Sikuombi msamaha kwa sasa. Utaniambia ukipona, kama utataka. Sasa amka uende hospitali na kaka leo hii, hata kama homa imeshuka asubuhi, maana hushuka na kurudi.

Na neno moja nijibu kwa huyu huyu kaka, nitakuwa Nyabugogo jioni nimesimama pale gari lake litakapofikia. Muuguzi ameniambia nikuulize kabla ya mengine yote, na mimi tangu jana silifikirii jambo jingine: tangu homa ilipokushika, mtoto bado anacheza tumboni?